Fedha ya Keki Iliyookwa Nyumbani: Uhalali Wake na Dhamana Yake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaweka humo riziki za waja wake, akawahalalishia vilivyo vizuri na kuwaharimishia vilivyo vibaya. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na aali zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika yale tuyafanyayo hadharani, na katika yale tuyafanyayo jikoni mwetu pasipo mtu wa kutuona.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo mno kupandishwa mimbarini. Nalo ni la mwanamke aokaye keki nyumbani kwake, akaletewa fedha na jirani au na mwenye harusi, hali ya kuwa hana leseni ya biashara. Je, fedha ile ni halali kwake au si halali? Jambo hili si dogo. Katika miji yetu ya pwani, toka Tanga hadi Mtwara, na visiwani kadhalika, ziko nyumba nyingi ambazo karo ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mgonjwa hutoka katika sufuria moja lililopaliwa makaa juu na chini. Na jambo lenye kulisha watu lina haki ya kujulikana hukumu yake.

Swali hili tumeletewa mara mbili, na tunapenda kukusimulieni zote mbili, kwa sababu mara moja tulilijibu kwa uzembe.

Mara ya kwanza ni miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja alitujia baada ya darsa ya Alasiri, nasi tumekwisha kuvaa viatu. Akatuuliza: "Sheikh, mimi nauza keki nyumbani na sina leseni. Je, kuna dhambi?" Tukamjibu: "Uza, mama, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara." Kisha tukaenda zetu. Jibu letu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa nusu ya jibu. Hatukumwuliza anaoka vipi, wala anahifadhi vipi, wala kama yuko mtu aliyemfundisha. Baada ya miezi michache watoto wa chuo kimoja walikhitimisha Kurani, na mama yule akaagizwa keki. Keki ile ilipakwa krimu ya maziwa na mayai, ikawekwa juu ya meza tangu asubuhi hadi baada ya Adhuhuri, katika joto hili tulijualo. Kabla ya Magharibi watoto kumi na mmoja walikuwa wanatapika. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba wote walipona. Mama yule alikuja kwetu akilia, akasema: "Sheikh, hapana mtu aliyenifundisha." Neno lile lilituchoma moyo, kwani miongoni mwa hao wasiomfundisha na sisi tulikuwamo.

Mara ya pili ni hivi karibuni. Mjane mwenye watoto wanne alikuwa akiwalea kwa keki, visheti na mikate ya kumimina. Shemeji yake akamwambia kwamba kila senti aliyoipokea pasipo leseni ni haramu, na chakula walichokula wanawe ni haramu, na dua zake hazipokelewi. Mama yule akazima jiko. Wiki ya tatu mtoto wake mkubwa akarejeshwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Ndipo akaja kutuuliza: "Je, niwatafute wateja wangu wote niwarudishie fedha zao? Na kile walichokwisha kula watoto wangu, nitakitoa vipi matumboni mwao?"

Basi zingatieni, ndugu zetu. Jibu la wepesi liliwaumiza watoto matumbo, na jibu la ukali likawanyima watoto chakula. Dini yetu haiko katika hili wala haiko katika lile. Kwa hiyo tunataka leo tulijibu swali hili kwa ukamilifu wake.

Kwanza, tutazame asili ya biashara hii. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 275, amebainisha kwamba amehalalisha kuuza na kununua na ameharimisha riba. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili, akaitoa katika katazo hilo biashara ifanywayo kwa kuridhiana. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, kwamba hapana mtu aliyepata kula chakula kilicho bora kuliko kile akipatacho kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daudi (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Wala fadhila hii si ya wanaume peke yao. Aya ya 32 ya Suratun Nisaa inampa mwanamke fungu lake katika alichokichuma kama inavyompa mwanamume. Mama yetu Zainab binti Jahshi (R.A.), mkewe Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kwa kipato chake. Basi asiaibike mwanamke wa Kiislamu kwa unga ulio mikononi mwake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamezihesabu nguzo za bei: muuzaji na mnunuzi, kitu kinachouzwa na thamani yake, na tamko la kuafikiana. Wameweka pia masharti, kama kitu kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiwe chake huyo anayeuza, na kijulikane kwa pande zote mbili. Itazameni keki ya yule mjane. Unga ni wake, mayai ni yake, kazi ni yake, mnunuzi ameridhia, na bei inajulikana. Bei hiyo imetimia. Leseni ya halmashauri haikutajwa miongoni mwa nguzo wala miongoni mwa masharti hayo.

Huenda mtu akauliza: "Yawaje tendo liwe na katazo juu yake, kisha fedha yake isiwe haramu?" Jibu lake liko katika siku hii hii ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Jumua, aya ya 9, ametuamrisha tunapoitwa kwenye Sala ya Ijumaa tuache biashara. Mtu ambaye imemlazimu sala hiyo, akauza kitambaa hali adhana ya khutba inasomwa, amefanya dhambi pasipo shaka. Lakini je, kitambaa kile kimekuwa mali ya mnunuzi? Imam Shafi na Imam Abu Hanifa wamesema ndiyo, bei imesihi na dhambi imebaki juu ya mtendaji, kwa sababu katazo halikutokana na ubaya wa kitambaa wala wa fedha, bali limetokana na jambo lililo nje yake. Wako maimamu wengine walioibatilisha bei ya wakati huo. Lakini hao nao wameibatilisha kwa kuwa Kurani yenyewe imeikataza biashara kwa jina lake katika saa hiyo, na leseni haina katazo la namna hiyo.

Basi twamwambia yule mjane, na kila aliye mfano wake: fedha uliyoipokea kwa keki safi uliyoiuza kwa ukweli ni mali yako. Huna haja ya kuwarudishia wateja. Chakula walichokula watoto wako kilikuwa halali, na dua yako mlango wake haukufungwa. Na yule aliyekuambia vinginevyo, tunamwomba atubie kwa kusema asilolijua. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl, aya ya 116, amewakemea wale ambao ndimi zao hupitisha ovyo kuwa hili halali na hili haramu.

Walakini, enyi ndugu, hapa ndipo tulipokomea mara ile ya kwanza, na hapa ndipo tulipokosea. Kuwa fedha ni halali si kusema kwamba leseni haina maana.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 59, ametuamrisha kumtii Yeye, na kumtii Mtume, na wenye mamlaka katika sisi. Wanavyuoni wamesema kwamba utii huo hauwi katika maasi, lakini kiongozi akiamrisha jambo la mubaha ambalo ndani yake mna maslahi ya watu wote, basi kumtii kunapasa. Hapa Tanzania Bara iko Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, nayo inakataza kuendesha biashara pasipo leseni. Ziko pia sheria za afya ya jamii na za usalama wa chakula. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula imewekwa chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Zanzibar wanao Wakala wao wa Chakula na Dawa, na wenzetu wa Kenya huomba vibali vyao kwa serikali za kaunti. Taratibu zinatofautiana, ila makusudio ni mamoja: anayewalisha watu ajulikane ni nani, na jiko lake litazamwe.

Wako wasemao: "Haya ni mambo ya Wazungu, yametujia na ukoloni. Zamani mama zetu walikaanga vitumbua barazani na hapana aliyewauliza kitu." Twawaambia kwamba jambo hili Waislamu walikuwa nalo kabla ya karne nyingi. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyopokea Imam Muslim, alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Alipomwuliza mwenye nafaka, akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamtaka aiweke ile iliyolowana juu, ipate kuonekana na watu, akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Huo ndio ukaguzi, nao ulifanywa na mkono ulio mtukufu kuliko mikono yote.

Baadaye miji ya Kiislamu ikaweka mtu maalumu aitwaye muhtasibu, kazi yake ni kutazama mizani, nyama, maziwa na mikate. Katika karne ya 12 ya Miladi, huko Sham, mwanachuoni Abdurrahman bin Nasri Ash-Shaizari aliandika kitabu cha kuwaongoza watu wa kazi hiyo, na humo akaweka mlango juu ya waokaji. Aliagiza matanuri yawe na matundu mapana ya kutolea moshi. Aliagiza mkandaji asikande kwa miguu wala magoti, avae nguo yenye mikono ya kubana, afunike kinywa asije akapiga chafya juu ya donge, na afunge kitambaa katika paji la uso ili jasho lisidondoke. Mchana awepo mtu mwenye kipepeo wa kufukuza nzi. Ndugu zetu, hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Bwana afya anapomwambia mama afunge kitambaa kichwani na akate kucha, hamletei dini mpya. Anamrudishia iliyokuwa yake.

Na asili ya yote hayo ni ile kanuni kubwa ambayo Mtume (S.A.W.) ametuachia, kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Mteja hawezi kuingia jikoni mwako. Yeye huiona keki imepambwa, imeandikwa jina la bwana harusi na bibi harusi, naye huweka kinywani kwa kukuamini. Hiyo ni amana. Leseni na cheti cha afya ni mashahidi wa amana hiyo.

Basi hukumu yake tunaifupisha hivi. Mwenye uwezo wa kutimiza sheria, naye anaijua, kisha akaikataa kwa ukaidi, anabeba dhambi ya kukaidi na ya kuhatarisha watu, ijapokuwa keki yake ni mali yake na thamani yake ni mali yake. Asiyejua, wajibu wake ni kuuliza, kwani ujinga ni udhuru wa leo wala si udhuru wa maisha. Na aliye dhaifu, ambaye hana kitu ila unga wa kesho, huyo asikate tamaa wala asijifiche. Wanavyuoni wamesema mashaka huleta wepesi, na wakasema pia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Wepesi wake ni kuanza safari ya kulitengeneza jambo lake kidogo kidogo, wala si kuliacha milele.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kughufiria, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yamebaki mambo ambayo watu huyachanganya, nasi tunataka kuyapambanua.

La kwanza ni hila ya majina. Wako wasemao: "Mimi siuzi. Mimi huoka, na watu wakipenda hunipa ahsante," au "hunipa fedha ya unga tu." Tuweni wakweli. Ikiwa jirani amepika pilau, nawe ukampelekea keki kwa mapenzi, kisha naye siku nyingine akakupa zawadi ambayo hukuiomba, hiyo ni zawadi. Ikiwa mmechanga watu watano kununua vitu vya sikukuu, nawe ukawa mpishi, huo ni mchango. Lakini ukiwa unataja kiasi, na asiyetoa kiasi hicho hapati keki, hiyo ni bei hata ukaiita kwa jina gani. Wanavyuoni wametufundisha kwamba katika maafikiano hutazamwa maana na makusudio, wala haitazamwi sura ya maneno. Iite biashara yako biashara. Hapana aibu katika jina hilo, kwani Mama Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara.

La pili ni udanganyifu, nao ndio utiao haramu katika fedha kwa hakika. Tumesema kwamba kukosa leseni hakuigeuzi fedha kuwa haramu. Sasa tunasema: kuficha aibu ya chakula, huko ndiko kuogopwe. Mwenye kutumia mayai yaliyooza, mwenye kuuza keki ya juzi kwa jina la keki ya leo, mwenye kubandika alama ya TBS ambayo hakupewa, mwenye kuulizwa "Je, una leseni?" akasema "Ninayo" naye hana, huyo amekula mali ya mwenzake kwa batili. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Hakim bin Hizam (R.A.), ametueleza kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo, huondolewa baraka yake.

Katika kubainisha huko imo pia habari ya vilivyomo. Iko jelatini itokanayo na nguruwe, na viko vionjo vilivyotiwa pombe, navyo huuzwa madukani pamoja na vinginevyo. Mwokaji wa Kiislamu asome maandishi ya kopo kabla ya kulifungua, na asipoelewa amwulize mwenye kujua. Wako pia watu ambao karanga, mayai, maziwa au ngano huwadhuru, na wengine yaweza kuwaua. Mwulize mteja wako kabla hujaoka, na umwambie ulichotia. Neno moja la ukweli hapo ni ihsani iliyo kubwa kuliko kumwongezea kipande.

La tatu ni agizo na malipo ya mbele. Waokaji wengi hupokea sehemu ya fedha kabla ya kazi. Wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu tangu zamani mtu kuagiza atengenezewe kitu, nalo Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lililiafiki jambo hilo mwaka 1992, kwa sharti kwamba kitu kielezwe aina yake, kiasi chake na siku ya kukabidhiwa. Basi andikeni: keki ya kilo ngapi, ya ladha gani, siku gani, saa ngapi, kwa shilingi ngapi, na mtu akighairi itakuwaje. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 1, ametuamrisha kutimiza maafikiano. Ugomvi mwingi wa siku ya harusi hutokana na neno ambalo halikuandikwa.

La nne ni rushwa. Wako wanaoona njia fupi ni kumtilia mkaguzi kitu mkononi apite asitazame. Hilo ni haramu kwa mpaji na kwa mpokeaji, na Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili. Leseni iliyokosekana ni upungufu, bali leseni iliyonunuliwa kwa rushwa ni uongo wenye muhuri. Nanyi mlio maofisini, mkumbuke kwamba mjane anayekuja mara tatu kwa karatasi moja, kila mara akiambiwa "njoo kesho", ana Mola anayeihesabu nauli yake. Sheria inapokuwa nzito kuliko mabega ya maskini, wajibu wa mwenye mamlaka ni kuifanya iweze kubebwa. Na hilo lawezekana. Katika jimbo la California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 2013 imewaruhusu watu kuuza baadhi ya vyakula walivyotengeneza katika majiko ya nyumba zao, kama mikate na keki zisizo na krimu, kwa sharti la kujiandikisha, kujifunza usafi, na kuandika juu ya kifurushi kwamba kimetengenezwa nyumbani. Hapa kwetu, tangu Desemba 2018, vilitolewa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Hizo ni dalili kwamba maskini anaweza kuwekewa mlango wa kadiri yake. Mlango ukiwa haupo, uombwe kwa diwani na kwa halmashauri, kwa adabu na kwa umoja.

Sasa mama mwokaji atasema: "Sheikh, nimesikia. Nianzie wapi?" Mwendee afisa biashara wa halmashauri yako, umwulize kwa kadiri ya biashara yako unahitaji nini, kwani madaraja na ada hubadilika. Utaambiwa juu ya namba ya mlipa kodi na juu ya leseni. Mwendee bwana afya wa kata yako alitazame jiko lako, nawe ukapime afya, kwa kuwa anayeshika chakula cha watu hutakiwa kupima kila baada ya miezi sita. Liko pia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, ambalo hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Nendeni wawili watatu pamoja, mtatiana moyo.

Na wakati huo huo anza na usafi ambao hauhitaji karatasi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuvunja mayai na baada ya kuyavunja. Usioke ukiwa unaharisha au una jeraha bichi mkononi, kwani viko vijidudu vikaavyo puani na katika majeraha, navyo vikiingia katika krimu huzaa sumu ambayo hata kuipasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na chenye kuharibika upesi kiwekwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 5. Usiye na jokofu, acha krimu na kastadi. Oka keki kavu, au visheti. Hayo hayataharibika kwa saa chache, na riziki yake ni ile ile. Lau tungalimwambia haya mama yule wa kwanza pale mlangoni, watoto kumi na mmoja wasingelala usiku ule hospitalini.

Nanyi wanunuzi, mna yenu. Lipeni kwa wakati, wala msimpige mjane chenga kwa maneno ya "nitakuletea." Mkiona uchafu, mshaurini faraghani kabla ya kumtangaza. Na nyinyi jamaa za wajane, kabla hamjahukumu fedha za mwanamke anayewalea mayatima wa ndugu yenu, jiulizeni ninyi mmewapa nini mwezi huu. Aliyezima jiko la mjane pasipo kumwachia kibaba cha unga ameitetea sharia kwa ulimi, na mayatima wamelala na njaa.

Ama sisi walimu wa vyuo na maimamu, tumechukua wajibu wetu. Katika msikiti wetu tumeanza darsa ya akina mama mara moja kila mwezi, ambayo nusu yake ni fiqhi ya kuuza na kununua, na nusu yake bwana afya huja kufundisha. Mama yule wa kwanza ndiye hukaa mstari wa mbele, naye huwasimulia wenzake yaliyompata pasipo kuficha. Na mjane wetu amewasha jiko. Anaoka keki kavu, cheti chake cha afya amekwisha kukipata, na habari ya leseni bado anaishughulikia. Hajafika mwisho wa njia, lakini yumo njiani, na watoto wake wanakula wakiwa na utulivu wa moyo. Tunapenda kila msikiti ufanye kwa kadiri yake.

Enyi Waislamu, mwombeni Mwenyezi Mungu nasi tuitikie. Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utuepushe na kuwahitaji wasiokuwa Wewe. Ewe Mola wetu, ibariki mikono ya mama zetu, uitakase na hadaa na uchafu, na uwape watoto wao elimu na afya. Ewe Mola wetu, waongoze wenye mamlaka katika sisi wawe na huruma kwa wanyonge na uadilifu kwa wote. Utughufirie sisi, na wazazi wetu, na walimu wetu, na Waislamu wote wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anakutakeni uadilifu, na ihsani, na kuwasaidia jamaa zenu. Mkumbukeni, naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake, naye atakuzidishieni. Na sasa simameni kwa Sala.